Rubani, kawia ufike: uamuzi wa kuruka hufanywa ukiwa chini

Asubuhi ya Ijumaa moja alifika katika kliniki yangu hapa Runyenjes bwana mmoja wa umri wa miaka 50 hivi. Ni mzaliwa wa hapa, lakini biashara zake ziko Nairobi, na alikuwa amekuja nyumbani kumwona mama yake. Pua ilikuwa imeziba, macho yalikuwa mekundu, na sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku tatu.

"Daktari," akaniambia, "nipe kitu kikali. Jumapili asubuhi nataka niwe mzima."

Nikamuuliza Jumapili kuna nini. Akanijibu kwamba ana leseni ya rubani wa ndege za kibinafsi, kwamba amekodi ndege ndogo katika uwanja wa Wilson, na kwamba atampeleka mkewe na watoto wao wawili Malindi kwenye harusi ya shemeji yake. Ukoo mzima wa mke ulikuwa umekwisha kuambiwa kuwa watafika kwa ndege.

Ningeweza kumwandikia dawa za mafua kama ninavyowaandikia wagonjwa wengi kila siku msimu wa baridi. Badala yake niliweka kalamu chini. Makala haya ni yale niliyomwambia siku hiyo, pamoja na mengine ambayo sikupata nafasi ya kumwambia.

Huenda wewe msomaji huna ndege na hutarajii kuinunua. Hata hivyo usifunge ukurasa. Wengi wenu hupanda ndege ndogo kwenda Maasai Mara, Lamu au Lodwar, na wengi zaidi hushika usukani wa gari alfajiri kabla usingizi haujaisha machoni. Maswali ni yale yale.

MLIMA HAUULIZI LESENI

Asubuhi ikiwa safi, sisi watu wa Runyenjes huuona Mlima Kenya wote hadi kileleni. Ifikapo saa nne au saa tano, mara nyingi mawingu huwa yamekwisha kuufunika, na mgeni anayepita barabara ya kwenda Meru hawezi kujua kwamba nyuma ya weupe ule kuna jiwe lenye urefu wa mita 5,199.

Tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodi iliyotoka Wilson kwenda Samburu iligonga kilele cha Lenana, ambacho kina urefu wa mita 4,985. Ilikuwa imebeba watalii 12 wa Kimarekani na marubani wawili. Hakuna aliyepona. Tarehe 5 Juni 2018, ndege nyingine ndogo iliyotoka Kitale kuja Nairobi iliangukia milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwa ndani wakaaga dunia.

Ndege hizo mbili ziliendeshwa na marubani wa kazi. Sasa mfikirie rubani wa kibinafsi, anayeruka mara moja au mbili kwa mwezi akipata nafasi. Kanuni za kimataifa zinamtaka awe ameruka saa 40 tu kabla ya kupewa leseni. Leseni hiyo ni halali, na wengi huitumia kwa busara maisha yao yote. Lakini hana mwenzake wa kumkosoa katika kiti cha pili, na hana kampuni ya kumwambia leo hakuna safari. Yeye ndiye rubani, ndiye mwajiri, na mara nyingi ndiye baba wa abiria.

SISI MADAKTARI TUSIJICHEKE

Katika Afrika Mashariki udaktari na urubani ni marafiki wa zamani. Shirika la AMREF lilianzishwa mwaka wa 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, na mmoja wao, Michael Wood, alikuwa akiendesha ndege mwenyewe kwenda kutibu watu wa mbali. Dkt Anne Spoerry, Mfaransa aliyejulikana kama "Mama Daktari", alijifunza kuruka akiwa amekaribia miaka 45, kisha akawahudumia watu wa kaskazini na wa pwani ya Kenya kwa ndege hadi miaka ya 1990.

Hata hivyo, kuna upande mwingine wa hadithi hii. Huko Marekani kulikuwa na ndege ndogo nzuri na ya kasi iitwayo Beechcraft Bonanza, yenye mkia wa umbo la V, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 1947. Marubani waliipa jina la utani: muuaji wa madaktari. Kosa halikuwa la ndege peke yake. Daktari alikuwa na pesa za kuinunua, hakuwa na muda wa kufanya mazoezi ya kutosha, na alikuwa amezoea kutii mawazo yake mwenyewe kuliko ya mtu mwingine. Mtu anayeamriwa na watu wachache chini huona taabu kuamriwa na wingu.

Nilimwambia mgonjwa wangu jambo hili ili ajue kwamba sikuwa nikimdharau. Mfanyabiashara na daktari ni ndugu katika ugonjwa huu.

MWILI HUDANGANYA

Je, kwa nini mtu mwenye akili timamu aruke wakati ambapo hafai kuruka? Jibu la kitabibu ni hili: kiungo kinachoamua kama uko sawa ni ubongo, na ubongo huo huo ndio wa kwanza kuharibika. Tazama mifano mitatu.

Kwanza ni hewa ya oksijeni. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito. Katika mwinuko wa mita 5,500, shinikizo la hewa ni nusu ya lile la Mombasa. Ukikosa oksijeni ya kutosha huumwi popote. Kinyume chake, watu wengi huanza kujisikia vizuri mno. Hucheka, huona kila jambo ni rahisi, na hukosea hesabu ndogo bila kujua. Ndiposa kanuni humtaka rubani atumie oksijeni kwa kufuata kipimo cha mwinuko, bila kungoja ajisikie vibaya.

Pili ni sikio. Ndani ya sikio kuna vijifereji vyenye maji ambavyo huuambia ubongo mwili umeelekea wapi. Ukiwa unaona ardhi, macho hurekebisha makosa ya sikio. Ukiingia ndani ya wingu, macho hayana la kusema, na sikio hukuapia kwamba ndege imenyooka hali inapinda na kushuka. Mwaka wa 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndege peke yake. Waliwawekea hali kama ya ndani ya wingu, na mwalimu akiwa kando. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia.

Tatu ni gesi ya kaboni monoksidi. Katika ndege nyingi ndogo, joto la kuwapasha watu moto hutoka kwenye bomba la moshi wa injini. Bomba likipasuka, gesi hiyo huingia ndani. Haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mashabiki wa kandanda watamkumbuka Emiliano Sala, mshambuliaji aliyekufa tarehe 21 Januari 2019 akisafiri kwa ndege ndogo kutoka Nantes kwenda Cardiff. Uchunguzi ulipata kwamba asilimia 58 ya hemoglobini yake ilikuwa imekamatwa na gesi hiyo. Vilevile uligundua kwamba safari ilifanywa usiku, na rubani hakuwa na idhini ya kuruka usiku. Kifaa kidogo cha kuonya kuhusu gesi hiyo si ghali. Rubani akiumwa kichwa ghafla huku kipasha joto kimewashwa, akizime, afungue hewa safi, na atafute mahali pa kutua.

"NI MAFUA TU"

Tukirudi kwa mgonjwa wangu, yeye aliona mafua ni jambo dogo. Chini ni dogo kweli. Lakini kati ya sikio la kati na koo kuna mrija mwembamba wa kupitishia hewa. Ndege ikipanda, hewa hutoka kwa urahisi. Ikishuka, hewa inatakiwa irudi ndani, na mrija uliovimba kwa mafua hujifunga. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari, na Malindi iko baharini. Mtu anayeteremka kutoka juu ya mawingu hadi Malindi akiwa na mafua anaweza kupata maumivu makali, kizunguzungu, hata kupasuka kwa ngoma ya sikio. Na maumivu hayo huja wakati ule ule wa kutua, ambapo rubani anahitaji akili yake yote.

"Ndiyo maana nataka dawa," akasema.

Dawa nazo zina mambo yake. Nyingi za mafua na za mzio tunazonunua bila cheti cha daktari huleta usingizi. Piriton ni mmoja wa mifano. Mwaka wa 2014, bodi inayochunguza ajali za ndege nchini Marekani ilitoa ripoti kuhusu marubani waliokufa ajalini kati ya 1990 na 2012. Dawa iliyopatikana mara nyingi zaidi katika miili yao, miongoni mwa zile zinazoweza kupunguza uwezo wa mtu, ilikuwa diphenhydramine, dawa ya kawaida kabisa ya mzio na mafua. Huko Marekani rubani aliyeimeza hutakiwa asubiri saa 60 kabla ya kuruka. Tulipiga hesabu pamoja: kutoka Ijumaa asubuhi hadi Jumapili asubuhi ni saa 48.

UCHOVU, MUGUKA NA POMBE

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikesha na mama aliyekuwa na uchungu mgumu wa uzazi. Mama na mtoto wakawa salama. Asubuhi, nikiwa na furaha, niliingia kwenye gari kuelekea Embu mjini. Nilijiona mzima kabisa. Kilichoniamsha ni kelele za mawe chini ya gari. Magurudumu mawili yalikuwa nje ya lami, na mbele yangu palikuwa na mteremko wa kwenda mtoni. Barabara ilikuwa tupu, na hilo ndilo lililoniokoa.

Watafiti walioandika mwaka wa 1997 kutoka Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Mlevi walau hunuka pombe na watu wakamnyang'anya ufunguo. Aliyechoka hasimamishwi na mtu.

Kwetu huku Embu wapo wanaotafuna muguka ili wasilale, kama jirani zetu wa Meru wanavyotafuna miraa. Majani hayo huficha usingizi lakini hayaulipi. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, na nguvu ya majani ikiisha uchovu hurudi na riba. Kahawa husaidia kwa muda mfupi, nayo pia haichukui nafasi ya kitanda.

Kuhusu pombe, kanuni inayojulikana na marubani ni saa 8 kati ya chupa na usukani. Hicho ni kiwango cha chini. Ini huondoa pombe polepole, na aliyekunywa sana hadi usiku wa manane bado anayo asubuhi. Maji baridi na supu havimharakishi. Na wewe unayezamia matumbawe huko Watamu au Diani kwa mtungi wa hewa, ni salama zaidi ungoje saa 24 kabla ya kupanda ndege, maana naitrojeni iliyomo damuni yaweza kutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KURUKA

Kabla ya kutoka nyumbani, rubani ajiulize maswali haya sita kuhusu mwili wake. Jibu moja baya linatosha kuahirisha safari.

(1) Je, naumwa, hata kidogo?
(2) Je, nimemeza dawa gani tangu juzi, na rubani anaruhusiwa kuruka nayo?
(3) Je, nina msongo wa mawazo: deni, kesi, ugomvi nyumbani, msiba?
(4) Je, nimekunywa pombe, na ni saa ngapi zimepita?
(5) Je, usiku wa jana nililala saa ngapi?
(6) Je, nimekula na kunywa maji ya kutosha?

Cheti cha afya anachopewa rubani na daktari aliyeidhinishwa na KCAA kinasema alikuwa mzima siku ile alipopimwa. Maswali haya yanahusu leo.

Akishamaliza kujipima, aipime ndege. Katika miinuko yetu, joto la mchana huipunguzia injini na mabawa nguvu, na ndege iliyojaa watu na mizigo ya harusi itahitaji njia ndefu zaidi ili iondoke ardhini. Mafuta yatoshe safari nzima na yabaki ya nusu saa angalau mchana, na dakika 45 usiku. Kisha apime njia: mawingu, milima, na mahali pa kutua mambo yakiharibika.

TABIA TANO ZINAZOUA

Wanaofunza marubani wa Marekani wametaja tabia tano za hatari. Nimezitafsiri kwa lugha ya mitaani, na nina hakika utamtambua mtu unayemjua, pengine wewe mwenyewe.

Ya kwanza ni ukaidi: "Hizo kanuni ni za kutusumbua tu." Jibu lake ni kwamba kanuni nyingi ziliandikwa baada ya ajali. Ya pili ni pupa: "Fanya kitu, fanya sasa!" Jibu ni haraka haraka haina baraka. Ya tatu ni kujiona hupatwi: "Ajali ni za wengine." Jibu ni inaweza kunipata mimi. Ya nne ni kujigamba: "Subiri niwaonyeshe." Jibu ni kwamba kubahatisha si ushujaa. Ya tano ni kukata tamaa: "Liwalo na liwe." Jibu ni kwamba bado kuna la kufanya: geuza ndege, omba msaada kwa redio, tua uwanja wa karibu.

AHADI NDIYO SHINIKIZO

Mgonjwa wangu hakuwa mkaidi wala mwenye kujigamba. Kilichomkaba ni ahadi. Bibi arusi anangoja, wazee wanangoja, watoto wamewaambia wenzao shuleni. Mtu akishatoa neno, kila ishara mbaya huiona ndogo. Kwa hivyo dawa ya shinikizo hili lazima inywewe mapema. Nakushauri yafuatayo.

Usiwaahidi watu kwamba utafika kwa ndege. Waahidi kwamba utafika hali ikiruhusu, na uwe na njia nyingine mkononi: nauli ya treni au basi, au siku moja ya ziada. Andika mipaka yako kwenye karatasi siku ambayo huna safari: mawingu ya kiwango gani, upepo gani, usingizi wa saa ngapi. Ukiwa na haraka usiibadilishe. Kama ni ya kubadilishwa, ibadilishe nyumbani siku nyingine. Kabla ya kuondoka, taja mahali kwenye njia ambapo utageuka ukikuta mawingu, na ukifika hapo ugeuke bila mjadala. Mwisho, mpe mtu mmoja ruhusa ya kukukataza. Mke ni mtu mzuri kwa kazi hiyo.

Nawe abiria, una wajibu wako. Usimkimbize rubani. Usimwambie mkutano unaanza saa nne au kwamba mwenzake jana aliruka. Akisema tungoje, mshukuru. Ukimwona anapiga miayo au ananuka pombe, shuka, hata kama umelipa. Nauli hutafutwa tena.

YALIYOMPATA BWANA YULE

Alinisikiliza, kisha akakasirika kidogo. "Daktari, nilikuja kutafuta dawa, si mahubiri." Nikamwambia dawa nitampa, lakini akiimeza basi hata gari asiendeshe. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akatoa simu akamwita mkewe, na nikatoka nje ili waongee.

Wiki mbili baadaye alipita kunisalimia. Walikuwa wamemlipa dereva, wakasafiri Jumamosi nzima, wakafika Malindi usiku wakiwa wamechoka. Mashemeji walimcheka wakamwita rubani wa barabarani. Akaniambia pia, na nadhani alitaka nilisikie hilo, kwamba Jumapili ile anga ilikuwa safi kutoka asubuhi hadi jioni.

"Ningefika, daktari," akasema.

Nikamjibu kwamba pengine ni kweli angefika. Mara nyingi mtu hufika, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kila anapofika akiwa mgonjwa hujifunza kwamba inawezekana. Aliyekaa chini hapati ushahidi kwamba alifanya vyema. Hupata kicheko cha mashemeji tu. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema kawia ufike.

Kabla ya kuondoka alinionyesha karatasi aliyoikunja ndani ya pochi. Ilikuwa na maswali sita, kwa mwandiko wa mkewe.

Kwaheri, msomaji, hadi juma lijalo. Ukiwa na swali kuhusu afya yako na safari, liandike na umtumie mhariri wa kurasa hizi.